Kinu Kilichochomwa na Waswidi

Kwa miaka thelathini na moja nimewapeleka watoto wa shule kwenye shimo lililo nyuma ya nyumba ya akina Pešák na kuwaambia kwamba hapa palikuwa na kinu cha maji cha kusagia nafaka, Waswidi, askari waliovamia kwetu katika vita vya zamani, wakakichoma mwaka 1645. Watoto wanachungulia shimoni, mmoja lazima aulize kama kuna mifupa, namwambia hakuna, tunaendelea na matembezi. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kijiji chetu, Jelmice ya Juu, kimekaa kileleni kabisa, upepo unakipiga kutoka pande zote nne, na maji tulikuwa tunayachota kisimani kwa ndoo mpaka mabomba yalipofika mwaka 1981. Hatuna mto. Hatuna hata kijito cha kulowesha kisigino. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza gurudumu la kinu hicho lilikuwa likizungushwa na nini. Hasira niliyojikasirikia bado haijaniisha.

Kwetu kila kijiji, hata kile chenye nyumba kumi, lazima kiwe na kitabu cha kumbukumbu na mtu wa kukiandika. Ndivyo sheria inavyotaka. Unaandika mvua ilinyesha kiasi gani, nani kazaliwa, nani kafa, timu ya wazima moto imeshika nafasi ya ngapi. Sasa hivi naandika mimi, Drahomíra Hrubešová. Kabla yangu aliandika baba yangu, Vendelín Hrubeš, kwa miaka arobaini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno kiasi kwamba wageni walikuja kuutazama tu bila kusoma.

Tena kila kijiji kina mwaka wake, yaani mwaka kilipotajwa kwa mara ya kwanza katika hati yoyote ya zamani iliyosalimika. Wapo wanaume huku kwetu wanaosahau siku ya ndoa yao lakini mwaka huo hawausahau. Wetu ni 1375. Umeandikwa kwenye bendera ya kijiji, ubavuni mwa gari la zimamoto, na kwenye glasi za bia za baa. Mwaka huu tulikuwa tunatimiza miaka mia sita na hamsini. Sherehe ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, pamoja na bendi ya matarumbeta, nguruwe wa kuchoma, na jiwe jipya mbele ya kikanisa. Baba, ambaye ana miaka themanini na sita, ndiye angevuta kitambaa cha jiwe, kisha apewe heshima ya mwanakijiji mtukufu, ambayo kwetu hajawahi kupewa mtu akiwa hai.

Sherehe kama hiyo huwaita wazawa wote warudi nyumbani, popote walipo. Barua za kuwaita niliziandika mimi. Niliomba wilayani orodha ya watu wote walio hai waliozaliwa Jelmice, nikapewa, nikaandika bahasha kwa mkono moja baada ya nyingine mpaka kidole kikafanya sugu. Katika ombi niliandika Jelmice tu, bila 'ya Juu'. Niliona haina haja, maana Jelmice nyingine haikuwepo tena duniani.

Katikati ya Juni, mama mmoja akateremka kwenye basi la asubuhi. Nywele nyeupe, viatu vya kutembelea milimani, begi mgongoni. Aliuliza baani mwandishi wa kumbukumbu anakaa wapi, na dakika tano baadaye alikuwa jikoni kwangu na barua yangu mkononi.

Alisema anaitwa Otylie Vránová, binti wa Ambrož, msaga nafaka. Mimi nikaanza kupekua kichwani, msaga nafaka gani, kwetu hakuna aliyesaga kitu tangu enzi za Waswidi. Akaniona ninavyohangaika.

"Jelmice ya Chini, Mwalimu," akasema. "Kule kinuni."

Hapo nikaelewa nilichokifanya, na damu ikanipanda usoni. Jelmice ya Chini ilikuwa bondeni, nyumba ishirini na kitu, na nilipokuwa mdogo tulikwenda kuogelea kwenye bwawa lao kila Agosti. Kinu chao nilikijua kwa macho yangu. Lakini sikuona ajabu yoyote, wao wana kinu kizima na sisi tuna kinu kilichoungua. Kisha serikali ya wakati ule ikaamua kijiji chao hakina maisha ya mbele. Wakafunga shule, wakaondoa basi, wakawanyima vibali vya kujenga, vijana wakaondoka, na mwaka 1984 tingatinga zikaja kulaza nyumba zilizobaki. Sasa ni malisho ya ng'ombe na miti ya plamu.

Nilianza kuomba radhi, kwamba barua imekwenda kwa makosa ya orodha. Hakuniacha nimalize. Alisema wamebaki tisa, wote wamepata barua, na wamepigiana simu kwa furaha.

"Tulidhani mmetukumbuka," akasema. "Mwaka huo ulikuwa umechorwa juu ya mlango wa shule yetu, 1375. Kwa rangi ya bluu. Mimi nilijifunzia tarakimu pale."

 Nilimmiminia kahawa nyingine ambayo hakuiomba. Mwaka wetu ulikuwa ukifanya nini juu ya mlango wao? Akaniuliza kama ni kweli kwamba hata sisi tulikuwa na kinu, amekiona kwenye kijitabu cha matembezi. Nikampeleka shimoni. Alisimama ukingoni muda mrefu, akatazama shimo, akageuka akatazama kijiji, akatazama mashamba ya viazi yanayoteremka kila upande.

"Maji yalikuwa yanatokea wapi?" akauliza.

Nikafungua kinywa. Miaka thelathini na moja ya ualimu, na kinywa kikabaki wazi. Hakunilazimisha kujibu. Alinishukuru kwa kahawa, akasema watakuja wote tisa, akawahi basi la saa saba na nusu.

Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Nilisafisha madirisha yote, nikayasafisha tena. Niling'oa mashina mawili ya viazi kutazama kama vimekomaa, na vilikuwa kama maharage, nikavihurumia. Mwisho nikatoa kitabu cha kumbukumbu kabatini, nikafungua ukurasa wa mwaka 1975, ambapo baba alinakili tafsiri ya hati yetu. Nilikuwa nimeisoma mara mia. Inasema bwana fulani anampa ndugu yake kijiji cha Jelmice, pamoja na kinu kilichopo mahali vijito viwili vinapokutana, pamoja na bwawa na haki ya kuvua samaki.

Vijito viwili, bwawa, na samaki, huku juu ambako hata mabata wanakuja kwa kukodiwa. Na chini yake, kwa mwandiko ule unaopendeza, baba ameongeza: Kinu hiki kilichomwa na Waswidi mwaka 1645, na baadaye vijito vyote viwili vikakauka. Huku kwetu Waswidi tunawasingizia kila kitu. Kanisa likikosa kengele, Waswidi. Handaki likikosa mwisho, Waswidi. Lakini kukausha vijito, hilo hata wao wangelikataa.

Kesho yake nilikwenda wilayani kwenye hifadhi ya nyaraka, nikaketi na daftari za kodi za zamani mpaka macho yakauma. Jelmice ya Juu ipo. Inatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1654, wakulima saba, wawili kati yao wapya. Maana yake Waswidi walipopita, huenda hatukuwepo hata wa kuchomewa. Jirani wa meza, bwana mmoja anayetafuta ukoo wake, aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia nimepoteza miaka mia mbili na sabini na tisa tangu asubuhi.

Sikurudi na basi hadi kijijini. Niliteremka kituo cha barabara kuu, nikakata msituni kwa miguu mpaka bondeni kwenye Jelmice ya Chini. Sikuwa nimefika huko tangu niolewe. Vijito viwili vinakutana pale pale vilipokutana siku zote, kimoja chenye maji ya kahawia kutoka kwenye misitu, kingine cheupe. Mawe ya msingi wa kinu yapo, yameota upupu. Ukuta wa bwawa upo pia, una tundu katikati ambapo tingatinga ilipita. Nilitembea huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Ng'ombe wakanitazama. Niliona aibu mbele ya ng'ombe, nasema kweli.

Baba nilimkuta nyuma ya nyumba anachuma matunda mekundu ya kichakani, ameketi kwenye kigoda, bakuli mapajani. Nilikuwa nimepanga nianze polepole. Sikuweza.

"Baba, kinu kilikuwa wapi?"

"Kinu gani?"

"Cha Waswidi."

Aliendelea kuchuma. Alichuma shada zima, akaliweka bakulini. "Nilijua utaniuliza," akasema. "Nilidhani utaniuliza ukiwa na miaka kumi na tano. Ulikuwa unapata alama nzuri sana za jiografia."

Kisha akanieleza, bila kunitazama.

Mwaka 1974 alikuja ofisa wa wilaya na ramani na penseli nyekundu. Serikali ilikuwa inapanga vijiji. Kijiji kinachozungushiwa duara kitabaki, kitapata vibali vya kujenga, duka na basi. Kisicho na duara kitaachwa kife chenyewe, mtu haruhusiwi hata kuongeza chumba. Jelmice zilikuwa mbili na duara lilikuwa moja. Sisi tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya babu, ile iliyokuwa na ukungu ukutani, na mama yangu alikuwa anakohoa tangu Oktoba hadi Mei. Alikuwa amemwambia baba wazi: kibali cha nyumba kisipopatikana, atanichukua mimi na kurudi kwao Brno. Ofisa hakuwa mtu mbaya, baba alisema, alikuwa mtu aliyechoka. Alitaka sababu ya kuandika kwenye fomu. Akasema kati ya vijiji hivi viwili, chenye historia kimletee ushahidi Alhamisi.

Historia ilikuwa bondeni. Nakala ya hati, pamoja na tafsiri iliyofanywa na padri mmoja kabla ya vita, ilikuwa kwenye jalada la bluu nyumbani kwa Ambrož msaga nafaka, rafiki wa baba tangu jeshini. Ambrož hakuwa na habari kwamba ofisa anaulizia historia. Baba alishuka Jumapili, wakanywa gongo la plamu, akaliazima jalada kwa wiki moja ili alinakili. Alhamisi likawa mezani kwa ofisa.

"Hati inasema Jelmice," baba akasema. "Haisemi ya Juu wala ya Chini."

"Inasema kinu, Baba."

"Ndiyo maana ikabidi niwalete Waswidi."

Ningeweza kucheka. Siku nyingine yoyote ningecheka. Nilimwuliza kama Ambrož alikuja kulidai jalada lake.

Baba aliweka bakuli chini. "Alikuja mara moja. Alisimama pale langoni, hakuingia. Nikamwambia nimelipoteza."

"Akasema nini?"

"Akasema basi, likionekana utaniletea." Baba alifuta vidole kwenye suruali, vikaacha alama nyekundu. "Liko kabatini, chini ya kitambaa cha meza cha Krismasi cha mama yako."

Mama alijengewa nyumba. Aliishi humo miaka thelathini na minane na kikohozi kiliisha. Ni nyumba hii ninayolala mimi. Nilitaka kumpigia baba kelele na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nikaanza kuchuma matunda yale kwa fujo, na majani, mpaka akanishika mkono.

"Subiri nife, Draha," akasema. "Sitachelewa sana."

"Umekuwa ukisema hivyo tangu mama afe."

"Safari hii nasema kweli. Sherehe ipite, unipe wiki chache, halafu andika unavyotaka. Kwa wino mwekundu ukipenda."

Nikamwambia kwamba watu tisa wa Jelmice ya Chini wanakuja, na mmoja wao ni Otylie wa Ambrož. Baba akanyanyuka na kigoda chake, akaingia ndani, na siku mbili hatukuzungumza ila kuhusu dawa na supu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mojmír Pešák nilimfundisha darasa la sita hadi la tisa, si mjinga, na shimo ni la kwao. Nilimkuta juu ya ngazi akining'iniza bendera ndogo ndogo. Nikamweleza yote chini ya ngazi, na kila nilivyoendelea akawa anashuka kipago kimoja. Alipofika chini alikaa juu ya kreti ya bia.

Alisema jiwe limeshachongwa. Alisema Waswidi hawatakuja kulalamika. Alipoona sicheki akaacha mzaha, na alichosema baadaye ndicho kilichoninyima raha kuliko kingine.

"Mwalimu, mzee Vendelín asingefanya vile, wewe na mimi tungekuwa tunaongea hapa? Hapa pangekuwa na ng'ombe. Watu mia moja na arobaini. Watoto wangu wawili. Unataka niwatangazie watu kwenye spika za kijiji kwamba sisi ndio tuliowala wenzetu?"

 Nilisema watu wale tisa watasimama uwanjani na kusikia mwaka wao ukisifiwa na bendi, na hatutawaambia kitu. Akasema pengine wanajua. Nikasema pengine hawajui. Akasema basi usiwaharibie siku. Tukazunguka hivyo hivyo hadi mkewe akatuita tukamsaidie kubeba meza.

Wiki mbili zile sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Nikiketi kula, nainuka kutazama dirishani. Nikitoka bustanini, nasahau nilitoka kwa ajili gani. Niliandika hotuba mbili. Katika ya kwanza nilisoma hati na kuwatakia watu bia njema. Ya pili ilikuwa na kurasa tatu na ilimtaja baba kwa jina mara saba, nikaipunguza ikamtaja mara tatu, nikaichana. Nilikuwa namwogopea baba. Kijiji chetu ni kidogo, mtu akishapata jina baya analibeba mpaka kwenye jiwe la kaburi, na watoto wa jirani wanaolisoma wanaongeza na chumvi. Na alikuwa baba yangu, aliyenifundisha kusoma ramani kwa kidole juu ya meza katika nyumba ile ile ya ukungu. Lakini kila nilipoamua kunyamaza, nilimwona Ambrož amesimama langoni na hajaingia, nikachukua kalamu tena.

Asubuhi ya sherehe nilimfungia baba tai. Alikuwa amenyoa mwenyewe na kujikata kidevuni.

"Utasema?" akauliza.

"Sijui, Baba."

"Basi nifungie vizuri," akasema, "nisije nikaonekana mchafu pia."

Jua lilikuwa kali. Uwanjani walijaa watu wapatao mia tatu, wazawa kutoka Prague na Ostrava na mmoja kutoka Kanada aliyekuwa akilia tangu saa tatu asubuhi. Wale tisa walikuja kwa basi dogo la kukodi. Walikuwa wazee watupu, wamevaa nguo zao za kanisani, na kila mmoja amebeba sinia la koláče, ile mikate midogo mitamu yenye jibini na plamu. Waligawa koláče kwa kila mtu kabla hata ya kuketi, kana kwamba wao ndio wenyeji. Otylie alinipungia mkono. Nilimwona baba, aliyeketi mstari wa mbele karibu na jiwe, anamtazama na hataki kugeuza macho.

Bendi ikapiga. Mojmír akasema maneno yake, mafupi kuliko kawaida yake, kisha akanipa kipaza sauti na kuninong'oneza, "Mwalimu, tafadhali." Nikasoma hati. Nilipofika kwenye vijito viwili nikaishusha karatasi. Nikamtazama baba. Alikuwa amefumba macho, na akainamisha kichwa mara moja, kukubali.

Basi nikasema. Nilisema hati hii si yetu, ni ya Jelmice ya Chini, kinu ni chao na bwawa ni lao. Nilisema nakala yake iliazimwa kutoka kwa Ambrož msaga nafaka mwaka 1974 na haikurudishwa, na kwamba ndiyo iliyotupatia duara kwenye ramani. Nilisema aliyeiazima ni baba yangu, na nyumba iliyojengwa kwa kibali kile naishi mimi. Nilisema sisi tunatajwa kwanza mwaka 1654. Sikuwa na maneno mengine, nikarudisha kipaza sauti.

Hakuna aliyepiga kelele. Mpiga tarumbeta kubwa alilishusha chini taratibu. Nyanya yake Mojmír, anayesikia nusu nusu, akauliza kwa sauti ya juu sasa lile shimo lao ni la nini, na mtu akamjibu kwamba la kuchimba udongo wa matofali, bibi, babu yako alilichimba. Wengine walianza kumtazama baba. Niliona bega la kwanza likigeuka, kisha la pili, majirani waliomletea supu wiki iliyopita. Nikaanza kusukuma watu ili nimfikie.

Otylie alifika kabla yangu. Alikuwa na jalada la bluu mkononi. Sikumpa mimi. Baba alikuwa nalo ndani ya koti tangu asubuhi, na alikuwa amelitoa akamnyooshea bila kuinuka.

"Bwana Vendelín," akasema, "mimi ni Otylie wa Ambrož."

"Najua. Una macho yake."

Otylie alilifungua jalada, akatazama karatasi ya juu, akalifunga. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakakaribiana.

"Baba yangu alijua lilipo," akasema. "Alijua wiki ile ile, ofisa mwenyewe alimwambia. Siku aliyosimama langoni kwenu alikuwa ameshajua."

Baba akalegeza tai niliyomfungia.

"Hakukuchukia. Alisema mke wa Vendelín anaumwa, na ningekuwa mimi pengine ningefanya vilevile. Alichotaka ni wewe uje umwambie. Kila Jumapili baada ya chakula aliweka glasi mbili mezani, na mama akawa anaziondoa huku akigomba. Miaka kumi. Sisi wengine tulishaanza kufungasha, yeye anasema ngojeni, huenda leo akaja."

Nilikuwa nimefika na nimesimama nyuma ya kiti cha baba, mikono begani mwake. Chini ya koti alikuwa mifupa mitupu. 

"Nilitaka kuja," akasema. "Kila mwaka nilitaka. Kila mwaka nilisema, tukishavuna viazi nitashuka."

Otylie alimtazama bila ukali wowote.

"Ni kilomita nne, Bwana Vendelín," akasema. "Tena mteremko mtupu."